Mwaka Tulioacha Kugawana

Masika alituita Bungulu, kule Beni, siku iliyofuata harusi ya binti yake, kwa sababu, kama alivyosema kwenye simu, nyumba ilikuwa imebaki na chakula kingi kuliko watu. Tulifika wale tulioweza. Barabara ya kutoka Butembo ilikuwa tulivu siku hiyo, askari kwenye vizuizi walitafuna mahindi na kutupungia mkono tupite, na mchana ulipofika tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, wanawake wenye miwani na magoti mabovu, tuliokuwa zamani timu ya mpira wa mikono ya Mususa, mtaa wa Butembo. Masika alikuwa golikipa wetu. Mikono yake bado ni mikubwa, na kwa mikono hiyo alimega bundu, ugali wetu wa muhogo, na kutuwekea kila mmoja donge lake, sombe ya majani ya muhogo kando, na samaki wa Kyavinyonge waliokaushwa kwa moshi. Mkwe wake mpya, kijana aliyesoma uchumi na ambaye ana karakana ya pikipiki, alitusikiliza kwa adabu kwa muda mrefu, kisha akauliza kitu kilichokuwa kinamsumbua. Yeye analipa kodi ya kiwanja, kodi ya kibao cha mlangoni, kodi ya kila kitu. Sasa ile klabu yetu ya Butembo, ambayo ina uwanja mzima katikati ya Mususa na inauza tikiti kila Jumapili, kwa nini hailipi? “Muliongea na nani?” akauliza, kama watu wa kwetu wanavyouliza, yaani mlikuwa na mtu gani mkubwa. Wanawake wakacheka na kunitazama mimi. Nikamjibu kwamba hatukuongea na mtu, tuliacha kugawana. Alifikiri ninafanya mzaha. Nikamwahidi kumwandikia, na nilipoanza kuandika nikaona jibu lake ni mwaka mzima.

Ni ule mwaka ambao serikali ilirudi kwetu. Sijui namna nyingine ya kuusema. Wakati wa vita Butembo ilikuwa imejizoeza kuishi peke yake. Wafanyabiashara walichanga wakatengeneza barabara, walichanga wakaleta mashine za umeme. Wazazi walichanga wakalipa walimu. Kila kitu kilikuwa mchango, na kila aliyechanga alijua atapata nini na lini. Kisha vita ikaisha kwenye karatasi, nchi ikaunganishwa, na wakaanza kufika watu kutoka mikoa mingine wakiwa na mihuri yao: wakaguzi, makarani, mahakimu. Walishuka kwenye ndege wakitetemeka kwa baridi yetu, wakatafuta nyumba za kupanga, wakauliza bei ya blanketi. Watu wa mji waliwatazama kama jirani aliyehama zamani, ambaye sasa amerudi na kudai kiti chake.

Uwanja wetu ulikuwa kati ya karakana ya mchomelea vyuma na ghala la sementi. Mfanyabiashara mmoja mzee, kabla ya kwenda Manguredjipa kwa mambo ya dhahabu na kubakia huko moja kwa moja, aliipatia klabu kiwanja hicho kwa maandishi. Aliipa klabu yenyewe, hakumpa mtu. Tulikisawazisha kwa majembe yetu. Magoli yalikuwa ya miti ya mikaratusi, na mvua ikinyesha udongo mwekundu ulinata kwenye mpira mpaka ukawa mzito kama kiazi kilichotoka shambani. Kwenye mlango wa mabati alikaa Mama Kavira, juu ya kreti ya bia iliyogeuzwa, akipokea kiingilio. Siku nyingine aliuza mafuta ya mawese sokoni, na tulimchagua kuwa mwekahazina kwa sababu hakuna aliyewahi kumdanganya wala kumkopa. Kocha alikuwa Kasereka, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba aliyevaa koti hata juani. Mimi, Katungu, nilicheza upande wa kushoto, na nilikuwa sekretere kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kila asubuhi niliamka nikiwa sina mahali pa kwenda isipokuwa uwanjani.

Mchezo ulipoisha kila Jumapili tuliingia chumba cha nyuma kwa Mama Kavira, kati ya mapipa ya mafuta. Chumba hicho ninaweza kukichora hata leo: dirisha moja lisilo na kioo, sakafu yenye utelezi, harufu ya mawese iliyoingia mpaka kwenye nywele, na sufuria ya maharage ambayo kila mmoja alichota kwa zamu. Hapo ndipo tulipogawana. Kidogo kilitengwa kwa ajili ya mipira, na chote kilichobaki alipewa mchezaji mmoja, zamu kwa zamu, Mama Kavira naye akiwemo, mpaka wote wamalize na tuanze upya. Ilikuwa likelemba, kama ile ambayo wanawake wa soko zima walikuwa nayo, isipokuwa yetu ilitoka mlangoni. Kupokea zamu tuliita kula. Aliyepokea alisimama mbele ya wote na kusema, “Nimekula,” na zamu yake ikafungwa kwa neno hilo. Hatukuandika. Sheria ilikuwa moja, na kila mtu aliijua kama anavyojua jina lake: aliyekula hawezi kuvunja likelemba wakati mwenzake hajala. Ni yule anayengojewa tu anayeweza kuwaachilia wengine. Kwa likelemba hiyo wazazi walikubali binti zao wavae kaptula na kukimbia mbele ya watu. Kapteni wetu alipata cherehani. Mwingine alilipia wadogo zake shule. Mwaka ule, kwa kura, mimi niliangukia Jumapili ya mchezo na wasichana wa Beni, ambayo ndiyo ilijaza uwanja kuliko zote. Nilikuwa nimeshapanga. Ningejiandikisha kwenye chuo kule Beni kusoma sheria, na shangazi yangu wa Bungulu alikuwa amenionyesha kitanda nitakacholala, chini ya dirisha, na hata msumari wa kutundika nguo.

Mkaguzi wa kodi alifika siku ya kazi, kwa miguu, bila askari. Tulimwita Papa Ekanga. Alitoka mkoa wa Equateur, alikuwa na mwili mkubwa na sauti ndogo, na alivaa sweta mbili. Alisoma bei ya kiingilio iliyopakwa rangi kwenye bati, akauliza kiwanja ni cha nani, akashukuru, akatuomba tufike birooni, ofisini kwake, na hati za klabu. Tulikwenda watatu, Kasereka, Mama Kavira na mimi, na tulikwenda bila hofu. Hati zetu tulizionea fahari. Kasereka na Mama Kavira walikuwa wameziandika wakati wa vita kwa kufuata mfano wa mkataba wa wauza vitenge, kwa sababu ndio mkataba mzuri waliokuwa wameuona, wenye kila kitu wazi: nani anaingiza nini, nani anapata nini.

Biro ilikuwa chumba cha nyumba ya kupanga, na ukutani bado palikuwa na alama za mahali sofa ya mwenye nyumba iliposugua rangi. Papa Ekanga alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye ibara iliyosema kwamba faida ya mlango itagawanywa kwa wachezaji kwa zamu, aliisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena, akavua miwani.

“Mama na ngai,” akamwambia Mama Kavira kwa Kilingala, yaani mama yangu, “hii ni kampuni.”

“Hapana, Papa. Ni timu ya batoto banamuke.”

“Timu inagawanya faida?”

“Inagawanya muzuri sana,” akasema Mama Kavira. “Hata siku moja hakuna mutu alilia. Kwetu hapa, Papa, mutu hakimbie bure.”

“Donc, njo shida,” akasema Papa Ekanga, yaani hapo ndipo penye shida, na nilimwona akisikitika kweli.

Alitueleza bila kupandisha sauti. Kuna sheria ya vyama visivyotafuta faida. Chama cha namna hiyo, kikiwa cha michezo ya watu wasiolipwa, kinaweza kuombewa msamaha wa kodi, na kiwanja chake kikaachwa. Lakini chama kinachogawia wanachama wake ni biashara, hata kama biashara yenyewe ni kurusha mpira, na biashara inalipia kiwanja na inalipia kila Jumapili, kuanzia serikali iliporudi. Kasereka akauliza kwa woga kama basi ni kosa kuuza tikiti. Ndipo mkaguzi alipotoa maneno ambayo nimeyarudia mara nyingi mbele ya watu wengi, bila kusema nimeyapata wapi. “Kupata makuta haiko zambi,” akasema, yaani kupata pesa si dhambi. “Mupate mingi. Kugawanya njo inabadilisha jina lenu.” Ripoti yake ilikuwa inakwenda Beni Jumamosi, na kutoka hapo isingerudi. Kama kabla ya siku hiyo tungebadili hati zetu katika mkutano wa wanachama, angetuandika kama chama na kuanzisha ombi letu la msamaha. Tusipobadili, angeandika alichokisoma. Mchezo na Beni ulikuwa Jumapili, siku moja baadaye.

Tulirudi Mususa. Sote watatu tulijua klabu haikuwa na uwezo wa kulipa, na tulijua pia kwamba mwenye ghala la sementi alikuwa ameshamuuliza Kasereka, kwa tabasamu, kama tunahitaji mtu wa kutusaidia mzigo huo na kubaki na kiwanja. Kesho yake nilirudi kwa Papa Ekanga peke yangu na kumwomba nisome hiyo sheria. Umeme haukuwepo, mashine ya kunakili ilikuwa imefunikwa kitambaa, basi akanipa kiti pembeni ya meza yake na kuniambia niinakili kwa mkono, ila kwanza ninawe, kwa sababu nilikuwa nimetoka mazoezini na udongo. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Kifaransa cha sheria kilinitisha kwa kurasa za mwanzo, kisha kikaanza kufunguka. Niligundua kwamba kila neno lilikuwa limewekwa pale ili kumzuia mtu fulani kufanya kitu fulani, na ukijiuliza ni mtu gani na kitu gani, sentensi inakuwa nyepesi. Hakuna mwalimu aliyekuwa amenifundisha hivyo. Niliondoka na ibara moja niliyoitunga mwenyewe: kila kinachoingia ni cha klabu, na hakitagawiwa mwanachama yeyote, si leo wala siku klabu itakapovunjika. Nilifurahi kama mtu aliyefunga goli. Nusu ya njia, kwenye mteremko wa kuelekea sokoni, ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeandika ibara inayofuta zamu yangu.

Jumatano nilikuwa chumba cha nyuma nikikunja jezi, na uani kina mama walikuwa wanachambua maharage. Hawakujua nipo. Mama yake Masika alikuwa anasema kwamba yeye hana neno na serikali, lakini likelemba ikifa, mtoto wake anarudi sokoni. “Atatupa mupira juu ya nini sasa? Juu ya afia?” Mwingine akamjibu kwamba afya haipikwi. Walicheka. Mama Kavira akasema yule Papa wa Equateur anataka watoto wakimbie bure kama mbuzi, na mama yake Masika akasema hata mbuzi anakimbia akiona majani. Wakacheka tena, halafu kicheko kikakatika kama kinavyokatika watu wanapokumbuka jambo. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, basi kesho kwenye mkutano itakuwaje. Nikasikia maharage ya Mama Kavira yakianguka kwenye beseni.

“Mi nilikula,” akasema. “Ba capitaine balikula. Katungu bado. Mi siwezi kufunga mulango mbele ya uso ya ule mutoto. Acha bachukue kiwanja.”

“Uwanja muzima, Mama?”

“Uwanja muzima. Tutatafuta pengine. Lakini mutu haitafute haya.”

Nilisimama na jezi mkononi. Nikiri kwamba jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. Nilikuwa nimeogopa kwamba watanisahau, kwamba wangenyoosha mikono haraka na kunipa pole, na sasa nilisikia kwamba wako tayari kupoteza ardhi kwa ajili ya kitanda changu cha Bungulu. Furaha hiyo haikudumu mpaka nifike nyumbani. Nilianza kuhesabu, kwa sababu ndivyo nilivyo, kile ambacho Mama Kavira alikataa kukihesabu: wasichana wadogo waliokuwa wanaingia uwanjani sisi tukitoka, wanaorusha mpira wa matambara, ambao hawakuwa na zamu yoyote katika likelemba yetu. Hao hawakuulizwa kama wamekula.

Tulikutana Alhamisi darasani kwa Kasereka, baada ya watoto wa shule kuondoka. Tulikaa kwenye madawati madogo, magoti yakigusa kidevu, na ubaoni bado palikuwa na hesabu za kugawanya ambazo Kasereka aliona haya akazifuta. Alisoma ibara yangu, akaeleza kuhusu Jumamosi, kuhusu ghala la sementi, kuhusu kodi. Alieleza vizuri. Kisha akauliza nani anakubali, na hakuna mkono ulioinuka. Alifikiri hawakuelewa, akaanza tena tangu mwanzo. Kapteni wetu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimkatiza.

“Mwalimu, tulisikia. Mi niko na mashine ya kushona nyumbani. Mukono yangu itapanda namna gani?”

Wote waliokwisha kula walikuwa wanatazama sakafu. Sijawahi kuona tena mkutano ambao watu wanashindwa kupiga kura kwa sababu ya heshima. Tangu hapo nimekaa katika mikutano mingi, na mara zote ilikuwa sababu nyingine. Kasereka alinitazama, akageuza macho haraka ili isionekane ananiomba. Papo hapo nilijua kwamba nikikaa kimya hakuna atakayenilaumu, hata mmoja, hata siku moja. Ningepata Jumapili yangu na wangepoteza uwanja, na wangenisindikiza kwenye gari la Beni wakiimba. Nilisimama. Dawati lilikuwa dogo, likasimama pamoja nami, ikabidi nilisukume chini kwa mkono.

“Nimekula,” nikasema.

Mama Kavira akageuka mzima. “Umekula nini, mutoto? Uko na njaa mpaka mu macho.”

“Nimekula, Mama.”

“Katungu, hapana fanya vile. Ile neno haina mchezo.”

“Haina mchezo,” nikasema. “Nimekula. Zamu yangu imefungwa.”

Hakuna aliyeweza kunirudisha. Lilikuwa neno lenyewe, lililosemwa mbele ya wote, na wao ndio walionifundisha uzito wake. Wengine ambao zamu zao zilikuwa bado walisimama mmoja baada ya mwingine, wengine kwa sauti, wengine kwa kunong’ona, mpaka akabaki Masika peke yake, amekaa nyuma kabisa na mikono yake mikubwa juu ya dawati. Tulingoja. Yeye alikuwa wa mwisho katika zamu, na mama yake alikuwa ameshatangaza msimamo wa nyumba yao.

“Mi nilitaka mbuzi,” akasema Masika. “Nilishamupatia na jina.”

Hakuna aliyecheka.

“Haya. Nimekula. Ikuwe nilimukula na ngozi.”

Hapo ndipo chumba kilipocheka, na katika kicheko hicho mikono ikapanda. Mama Kavira aliinua wake baada ya wote, akasema anauinua kwa sababu ni mwanachama, si kwa sababu anakubali, na akaniagiza niandike hivyo. Niliandika hivyo. Ijumaa asubuhi Kasereka alipeleka hati birooni, na Papa Ekanga aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akasema tu, “Voilà,” akagonga muhuri.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kila kitu kilikaa sawa. Wazazi wawili waliwaondoa binti zao wiki hiyohiyo, na mmoja tu alirudi. Mama yake Masika alinuna mpaka mavuno, ingawa hakumzuia Masika, kwa sababu Masika hazuiliki. Jumapili ya Beni watu walijaa mpaka juu ya paa la mchomelea vyuma, na mimi nilicheza vibaya, nikitazama mlango badala ya goli. Jioni hiyo tuliingia chumba cha nyuma kama kawaida, tukala maharage, na pesa zikabaki kwenye sanduku, na hakuna aliyesimama kusema neno. Kimya hicho kilikuwa kigumu. Mama Kavira ndiye aliyetutoa humo: kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameanzisha likelemba nyingine, nyumbani kwake, kwa makuta ya kila mtu mwenyewe, bila mlango wa uwanja kuhusika. Aliniuliza kama sheria inakataza. Nilitafuta katika kurasa zangu, nikamjibu kwamba sheria haina habari na anachofanya mtu kwa makuta yake. Akasema basi hiyo sheria ina akili kidogo.

Sikwenda chuo, mwaka ule wala baadaye. Kwa miaka kadhaa, magari ya Beni yalipopakia watu asubuhi, nilichagua kupita njia nyingine, na sitaandika hapa kwamba nilivyobaki ni bora kuliko ambavyo ningekuwa. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilirudi kwenye kile kiti pembeni ya meza ya Papa Ekanga, nikanawa mikono, na kunakili sheria ya ardhi, halafu ya kodi, halafu nyingine aliyokuwa nayo bila kuitumia. Kabla ya mwaka kwisha kwaya moja ya parokia ilinijia na hati zake, kisha wajane wa Lubero waliofuma vikapu, kisha klabu ya baiskeli. Ndiyo kazi yangu mpaka leo. Ninawauliza wote swali moja, mkipata mtafanya nini, na kutokana na jibu ninajua ni hati gani ya kuwaandikia. Wakulima wa kahawa wanataka kugawana, na ni haki yao, ninawaandikia ushirika na kuwaambia kodi yake. Wengine wanataka jina la wasiogawana na mgawo wa wanaogawana. Hao ninawarudishia karatasi zao. Nilifundishwa mambo hayo na sheria, lakini uzito wake niliujua darasani kwa Kasereka, siku nilipoona kwamba kugawana nako kulikuwa kitu kizuri, na kwamba tuliacha kizuri kimoja ili tushike kingine. Mkwe wa Masika hatalipata hilo katika vitabu vya uchumi.

Karatasi ya msamaha ilikuja kutoka juu kupitia Beni, mwisho wa mwaka, ikiwa imekunjwa mara nyingi mifukoni mwa watu. Kasereka aliisoma uwanjani kwa sauti ya darasani. Wakati huo tulikuwa tumeshamlipa mchomelea vyuma kwa makuta ya sanduku, na magoli ya chuma yalikuwa yamesimama mahali pa mikaratusi, yakinuka rangi mbichi. Masika alikuwa anayapiga kwa kiganja kila alipopita, ili tu ayasikie.

Jumapili iliyofuata Papa Ekanga alikuja kututazama, kwa mara ya kwanza, pamoja na mke wake, aliyekuwa amefika karibuni kutoka Equateur na kujifunga vitenge viwili kwa baridi. Kwetu mtu mwenye cheo hakuwahi kulipa mlangoni. Ilikuwa desturi hata wakati wa vita, na aliyeshika mlango alisogea tu. Nilikuwa nafunga kamba za viatu karibu na bati, nikaona mkaguzi akiinua mguu kuingia, akitabasamu, na nikaona Mama Kavira, bila kuinuka kwenye kreti yake, akinyoosha mkono wazi mbele ya tumbo lake.

“Papa, exonération ni ya club,” akasema, akimaanisha ule msamaha wa kodi. “Hapana ya weye.”

Mke wa mkaguzi aliweka mkono mdomoni. Papa Ekanga alisimama, akavua miwani, akaifuta kwenye sweta ya juu, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue alicheka kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa kubwa. Akatoa makuta yake na ya mke wake. Mama Kavira aliyapokea, akayanyoosha juu ya goti, akampa tikiti.

“Na hii sasa, Mama,” akauliza mkaguzi, “inaenda kwa nani?”

“Kwa hakuna mutu,” akasema Mama Kavira, kwa fahari ileile ambayo zamani aliitumia kutaja majina ya waliokula, akayatia makuta sandukuni, akamsogezea mguu apite. Kasereka akapiga filimbi, nikaingia uwanjani.